Mtandao Unapimwa, Tafadhali Subiri

Jumatatu, 3 Machi
Nimekabidhiwa mtandao wa ofisi! Si rasmi. Shemeji, mume wa dada yangu na mkuu wa tawi letu, aliuliza nani ataangalia kwa nini michoro ya majengo haifunguki. Mkono wangu ulikuwa juu kabla akili haijafika. Michoro yote hukaa kwenye kompyuta ya makao makuu, ng'ambo ya mji, nasi tunaifungua kutoka huku kwa laini nyembamba. Ukibofya, kiduara kinazunguka weee, halafu: muda wa kusubiri umekwisha. Ijumaa asubuhi mafundi wanataka mchoro wa msingi wa zahanati. Wasipoupata, mkurugenzi amesema Shemeji atavuliwa ukuu. Na yeye ndiye aliyenileta hapa nilipomwaga unga kule duka la simu. Sitamwangusha! Nimeweka programu ya kupima kasi. Inavuta faili kubwa kutoka makao makuu, inahesabu muda, inalifuta, inaanza tena. Mchana kutwa. Matokeo: kasi duni. Nilijua.

Jumanne, 4 Machi
Hali imezidi kuwa mbaya. Bahati nzuri nina kipimo, la sivyo tusingejua.
Mchoraji, mama mwenye ulimi wa wembe, anadai jana asubuhi alifungua walau michoro miwili, leo hata mmoja. Wivu huo. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaongeza muda wa kusubiri kutoka dakika moja hadi saa mbili. Ule ujumbe mbaya umetoweka kabisa! Nikawatangazia kwamba subira huvuta heri. Mchoraji akajibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, akauliza mchoro wenyewe uko wapi. Unakuja, mama. Kiduara kinazunguka vizuri sana.

Jumatano, 5 Machi
Kuna mtu anakula laini. Nikamshuku Mhasibu, maana hutazama mpira akijifanya anapiga hesabu. Nikaeneza uvumi kwamba mkurugenzi anaona skrini za wote. Loo! Wakazima kompyuta, Mhasibu akachomoa na kebo. Lakini kipimo bado kinaonyesha laini imejaa pomoni! Mwizi hodari huyu. Nikajibanza nyuma ya kabati kumvizia. Hakupita mtu ila Mchoraji, akaniuliza kama naumwa.

Alhamisi, 6 Machi
Dada kapiga simu. Anauliza kazini kuna nini, mbona mumewe hali chakula na hasemi. Nikamwambia kila kitu kiko sawa. Nimeumia moyo kweli.
Mchana Mchoraji kasimama nyuma ya kiti changu, akataka kujua ni nini hicho kinachovuta faili bila kupumzika. Nikamweleza kwa fahari. Akacheka mpaka akatafuta kiti. Kikulacho ki nguoni mwako, akasema, akachomoa kebo yangu bila hata hodi. Mchoro wa zahanati ukafunguka. Polepole, lakini ukafunguka! Akaunakili hapa hapa ofisini, usitegemee laini tena.
Shemeji kampigia mkurugenzi kwamba laini ilikuwa na hitilafu na tawi limeirekebisha lenyewe. Jina langu hakulitaja. Nikaenda chooni nikalia kidogo.

Ijumaa, 7 Machi
Mafundi wamepata mchoro, msingi unachimbwa. Shemeji amebaki na ukuu wake na leo amekula sahani mbili. Aliniita pembeni, akaniwekea mkono begani, akanisihi nisiuguse mtandao tena maishani. Nimemwahidi kwa moyo wote. Nampenda sana yule mtu.
Na somo nimelipata: laini isilemewe na mtu yeyote. Kwa hiyo nimetengeneza kiprogramu kidogo, kwa nia njema tu, kinachoiuliza kila kompyuta ya ofisi, kila sekunde, kama inailemea laini. Majibu yote yanakwenda moja kwa moja makao makuu, ili mkurugenzi ajionee jinsi Shemeji anavyoichunga. Nimeyaambatanisha na picha za skrini. Kubwa kubwa, zisomeke.