Kibali cha Kuvuka Mdundo

Wakazi wa Baraka, mji wa kando ya ziwa, walitangaziwa, kupitia vipaza sauti viwili, kimoja tu kikiwa kizima, kwamba hip-hop ya Fizi sasa imepangwa. Kila rapa ataimba mtindo wa kwao: wa ziwani mapigo ya wavuta nyavu, wa milimani majigambo ya wachungaji, wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda ngoma. Atakayechanganya bila kibali cha kuvuka mdundo atanyang'anywa maikrofoni.

Mwenye agizo, Directeur Casimir wa Ofisi ya Ulinganifu wa Midundo, aliona amefanya jambo la maana. Shamba lina mpaka, hata chapati ina ukingo. Kwa nini mdundo utangetange kama mbuzi asiye na mwenyewe? Isitoshe, mkubwa wake wa Bukavu alikuwa anakuja kwenye tamasha la Jumamosi, na Casimir alikuwa amekwisha kushona suti ya cheo ambacho bado hajapewa.

Ijumaa Eddy, rapa wa Baraka, na mwenzake Uwamwiza wa Bibokoboko kule milimani, walimjia kuomba kibali.

"Directeur, wimbo ni moja," Eddy alisema. "Mi naanza, ye anaitika. Mukiukata, nani ataniitika?"

"Kila mutu na nusu yake. We utaimba asubui, ye saa kumi."

Uwamwiza alimtazama kwa heshima. "Na basikilizaji bataunganisha?"

"Njo kazi ya basikilizaji."

Jumamosi, mkubwa alipokwisha kuketi, Casimir alishika maikrofoni mwenyewe ili aonyeshe mtindo safi wa ziwa. Aliujua tangu utotoni, akivuta nyavu za ndakala, dagaa wa ziwa lile, na baba yake, na tuseme kweli, alikuwa hodari. Tumbo lilichelewa kidogo nyuma ya mdundo, lakini lilifika.

"Bihogo we, vuta! Gaju we, vuta!"

Umati ulishangilia. Pembeni Uwamwiza akaanza kuitika, mstari kwa mstari, hata ile ambayo Casimir alikuwa ameisahau.

Casimir akamgeukia. "Hii umeijulia wapi?"

"Nyumbani, Directeur. Bihogo na Gaju iko bangombe. Tunabaita tukibashusha kunywa maji."

"Zamani bachungaji balikuwa banashuka huku kiangazi," alisema Florentine, muuza samaki, kutoka mstari wa mbele. "Banavuta nyavu na baba zetu. We mwenyewe, Casimir, ulikunywa maziwa yao."

Casimir aliona aibu kwelikweli. Miaka yote watu wa ziwani walikuwa wakivua samaki kwa kumwita ng'ombe, na hakuna aliyeuliza ng'ombe anafuata nini majini.

"Uko na kibali ya kuchanganya?" mkubwa alimuuliza.

Hakuwa nacho. Askari wa tamasha, ambaye Casimir alikuwa amemfundisha kazi mwenyewe, akaichukua maikrofoni mkononi mwake kwa adabu na kumpa Eddy. Eddy na Uwamwiza waliimba wimbo wao mzima bila kuulizwa kibali, na mkubwa akacheza.

Jumatatu Casimir alipanga foleni kwenye ofisi yake mwenyewe, kuomba kibali. Katibu wake, Pulchérie, alimpokea kama mtu yeyote.

"Kila mutu na nusu yake, papa. Bangombe ni ya mulima. Ya ziwa unaruhusiwa."

"Na ya ziwa ni ipi?"

Pulchérie alifikiri. "Ile 'vuta'."

Siku hizi Eddy na Uwamwiza wakipanda jukwaani, Casimir husimama nyuma yao na suti yake, akingoja zamu ya neno lake moja lililoidhinishwa. Likifika, huliimba kwa nguvu zote.