Agizo la Kutawanya Ukoo wa Histoni

Jumapili asubuhi, Idara Kuu ya Mgawanyo wa Haki, Kairo, ilitangaza kwa fahari kwamba msongamano kwenye kromosomu ya sita umekwisha, kwa kuwa umepigwa marufuku.

Chanzo ni ripoti ya Daktari Inshirah Bishara. Aliandika kwamba jeni za histoni, zinazotengeneza protini ambazo uzi wetu wa urithi hujiviringisha juu yake, zimebanana zaidi ya hamsini pale kwenye kromosomu ya sita, na kundi dogo liko kwenye ya kwanza. Alichotaka ni muhuri wa serikali tu, ule wenye picha ya tai. Ukikosekana, Alhamisi maabara yake inafungwa, na miaka tisa ya kazi kwaheri.

Mkurugenzi Shawkat Demerdash alimpokea ghorofa ya sita kwa chai.

"Daktari, jozi za kromosomu tunazo ishirini na tatu. Hao kwenye ya ishirini na moja wamekosa nini?"

"Ndivyo tulivyoumbwa, Bwana Mkurugenzi. Seli ikijiandaa kugawanyika, hizi jeni huitwa kazini pamoja. Kukaa karibu kunazifaa."

"Huo ni undugunaizesheni. Ukoo mmoja, kazi moja, mtaa mmoja? Zihamishe."

"Nizihamishe kutoka kwa nani?"

"Anza na wananchi wa kujitolea."

Inshirah, mtoto wa mtaa wa Shubra, hakulelewa kubishana na mwenye muhuri. Aliomba agizo kwa maandishi.

Mkurugenzi akatamka, mpwa wake akaandika: "Jamaa wa ukoo mmoja wenye kazi moja wasizidi wawili mahali pamoja, popote." Hilo "popote" alilipenda, akalirudia. Shemeji yake akagonga muhuri. Binamu yake akatoa vikombe.

Inshirah akateremka na nakala hadi kwa Mama Tafida, mkaguzi wa ghorofa ya chini, aliyesubiri kupandishwa cheo miaka kumi na minne. Mama Tafida akasoma mara mbili, akavaa miwani, akasoma tena.

"Mwanangu, kule juu wako Demerdash wangapi?"

"Wenye vikombe niwahesabu?"

"Wahesabu."

Walikuwa thelathini na wawili. Mama Tafida akatekeleza agizo, na kufikia Jumatano wametawanywa kwa haki, wawili wawili, kutoka Aswan kusini hadi Matruh magharibi. Alhamisi ripoti ikagongwa muhuri na Mama Tafida, aliyekuwa sasa ghorofa ya sita, bila kuguswa hata nukta.

Wiki iliyofuata simu ikalia kutoka Matruh.

"Binti yangu," alisema Bwana Demerdash, sauti imelainika kama siagi, "ule ukurasa wa ripoti yako kuhusu faida za kukaa karibu. Nitumie nakala, ni ya rufaa."

"Nakala hutolewa ghorofa ya sita, Bwana. Mwombaji afike mwenyewe," alisema Inshirah. "Asije na zaidi ya ndugu mmoja."