Kaboni ya Kamati

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kata, Kinole, likiwa na mihuri miwili. Kwa kuwa soko limekuwa huria na mbolea ya ruzuku imekwenda zake, udongo wote unaagizwa kuwa na kaboni ya kutosha, itokanayo na mabaki ya mimea yaliyooza, ifikapo mwisho wa Juni. Shamba litakalokuwa na kaboni kidogo kuliko yote litakabidhiwa kwa anayejua kulima.

Bwana shamba Anselmi, katibu wa Kamati ya Kuhuisha Udongo, alitia sahihi bila wasiwasi. Yeye alikuwa na shamba la mfano. Ratiba ya kubadilisha mazao ilipendeza ukutani: mahindi, maharage, mbaazi. Shambani kwenyewe ulikuwa mwaka wa saba wa mahindi, maana fomu ya kuruhusu maharage ilikuwa bado haijarudi kutoka Morogoro. Mabua yalichomwa kila mavuno, wageni wakute usafi.

Jirani yake, bibi mjane Mwanahawa, alitia aibu. Leo mahindi, msimu ujao maharage, kisha mbaazi, bila kibali hata kimoja. Magugu hachomi, anayafukia kwenye matuta. Kijishamba hicho ndicho kilichomlisha tangu afiwe na mume, na Anselmi alishakipangia kitwaliwe kupanua shamba la mfano.

Mtaalamu wa udongo, Regina, alipoandika kwamba anakuja kupima, Anselmi akachimba kwanza. Udongo wa mfano ukamtiririka vidoleni kama vumbi la tofali. Akateremka kwa jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeinama mpaka chini, una shida gani?"

Akasema anaomba udongo kidogo, sampuli tu. Mwanahawa akamwambia achote, na akitaka magugu atamfungia.

Ofisini Anselmi akabadilisha vibandiko vya mifuko ya sampuli, wake na wa Mwanahawa. Kitaalamu, huko ni kusawazisha takwimu.

Siku ya kupima, mfuko wa mfano ulishinda mbali. Kamati ikapiga makofi. Mwanahawa akakaza kanga kiunoni. Regina akavunja bonge la udongo wa mfuko huo, akatoa kijizizi chenye vinundu.

"Huu ni mzizi wa mbaazi. Mlipanda lini?"

Anselmi akatazama ukutani. "Kwa mujibu wa ratiba, mwaka kesho."

"Basi mbaazi hiyo," akasema Mwanahawa, "ina haraka kuliko serikali."

Regina akaenda kuchimba mwenyewe, mashamba yote. La mfano likashika mkia. Tangazo likasomwa tena, na mihuri yake miwili, likatekelezwa.

Mwanahawa alikuwa akipanda mbaazi kwenye shamba lake jipya Anselmi alipomletea fomu ya kuombea kibali. Akaipokea kwa mikono miwili, akaifukia kwenye tuta pamoja na magugu.

"Nayo itaoza, mwanangu," akasema. "Kalete na ile ratiba."