Mfereji wa Umeme Uliozunguka Kilima

Ndugu zangu, leo aibu imenikuta mchana kweupe, mbele ya Administrata wa wilaya, kwaya ya parokia na kuku wa watu. Nawaandikia mapema kabla hamjasikia kwa wengine, maana wengine watatia chumvi. (Hakuna haja ya chumvi.)

Mnajua hapa Masisi tumeletewa mashine ya umeme. Ulibaki waya tu, wa kushuka kutoka nyumba ya mashine hadi maternite, ambako Mama Félicité, mkunga wetu, anazalisha kwa taa ya mafuta. Waya upite chini ya ardhi, kwa sababu nguzo za kwanza ziligeuka kuni. Mimi karani nikapewa kazi ya kutafuta mkandarasi wa kuchimba.

Walikuja wawili. Wa kwanza alitoka Goma na tai na karatasi nyingi. Wa pili alikuwa Papa Bauma, mkulima wa hapa hapa, na jembe lake. Nikamchukua Papa Bauma. Nani asiyejua mifereji yake? Zamani za Wabelgiji, bwana shamba alikuwa anawafunga watu ambao udongo wao umebebwa na mvua. Papa Bauma hakufungwa hata siku moja. Anakikata kilima kwa ubavu, sawasawa, maji yanatulia humo wala hayashuki. Nilijisifu kwa uchaguzi huo hadi mke wangu akachoka.

Nikamwonyesha pa kuanzia, pale pale nyumba ya mashine.

"Na mwisho yake iko wapi, Papa Karani?"

"Wewe anza. Nitakuja kukuonyesha."

Sikwenda. Mvua ilinyesha kila siku na viatu vyangu vilikuwa vipya. Kila Ijumaa nilitia sahihi palepale mezani: kazi inaendelea vizuri. (Na kweli ilikuwa inaendelea.)

Leo asubuhi likaja lori kutoka Goma na waya wetu, pamoja na fundi wa umeme, Monsieur Albert, mtu asiyependa maneno. Akasema kama mfereji haujawa tayari saa kumi, anaendelea na waya wake hadi Walikale, wanaungoja huko pia. Nikacheka. Nikamwambia uko tayari tangu jana, twende tuukague.

Tukaondoka kwa maandamano. Mimi mbele, Administrata nyuma yangu, halafu Monsieur Albert na Mama Félicité, na kwaya inaimba. Mfereji ulikuwa mzuri, lazima niseme. Kuta zimenyooka, majani yamepandwa ukingoni. Nikawaeleza kila kitu. Tukapita maharagwe, tukapita mihogo, tukapita uani kwa mama mmoja aliyekuwa anafua. Hapo nikaanza kuona kwamba hatushuki. Nikaongeza sauti.

"Maternite iko wapi?" Administrata akauliza.

"Tunaikaribia, Bwana."

Baada ya nusu saa tukasikia mashine inanguruma. Halafu ikaja harufu ya mazutu, mafuta yake. Halafu tukamwona dereva wa lori, tuliyemwacha anakula hindi la kuchoma, bado anakula hindi lilelile.

"Mushafika?" akauliza. "Mulipita wapi?"

Kwaya ikanyamaza, sauti moja baada ya nyingine. Mfereji ulikuwa umezunguka kilima chote na kurudi ulipoanzia. Papa Bauma alisimama pale na koti lake la kanisani, anangoja pongezi.

"Papa Bauma, hii ni nini?"

"Mufereji. Nilingoja unionyeshe mwisho, haukukuya. Njo maana nikaendelea mpaka nikafika kwenye nilianzia. Nikajisemea, labda moto ya mashini, ile umeme, iko inapenda kuzunguka."

"Lakini maternite iko chini!"

"Nichimbe ya kushuka? Mvua ibebe kilima yote? Hapana, Papa. Mimi niko na jina."

Administrata alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, akabaki kwenye viatu. Monsieur Albert alitazama saa. "Walikale," akasema, akashika mlango wa lori. Niliona haya hadi masikio yakawaka.

Mama Félicité akaniwekea jembe mkononi. "Papa Karani, niko na wamama watatu kule, wanangoja kuzala. Vua hivyo viatu."

Nikavua. Waimbaji wakakimbilia majembe ya jirani, Administrata akavua koti, tukachimba moja kwa moja kushuka. Papa Bauma alikaa juu ya jiwe, akitikisa kichwa kama yuko matangani. Niliteleza mara mbili, mara ya pili kwa makalio, mbele ya sauti ya pili nzima ya kwaya. Saa kumi kasorobo tukafika mlangoni pa maternite. Monsieur Albert akaanza kushusha waya.

Jioni hii taa imewaka. Mama mmoja amejifungua mtoto wa kiume chini yake, nikaenda kumpongeza nikiwa bado na matope. Mtoto wamemwita Bauma. Eti jina la mtu aliyeleta taa.

Ukimpa mtu kazi, ndugu zangu, tembea naye hadi mwisho. Na ninyi msinicheke, mke wangu anatosha.