Mwanzi wa Misumari Kumi na Miwili

Jumatatu, 13 Agosti 1979

Nimeitwa! Mimi Phanuel, fundi wa redio wa Amalemba, nimeitwa na Mzee Osundwa wa Lubao! Pesa ya miwa imeingia, mzee kanunua gramafoni kwa mtu, na Jumamosi anamwoza binti yake Awinja. Shida ni moja: pale pa kutia mawe ya betri pameliwa na kutu, na boma halina stima. Nikamwambia hilo dogo. Nitaunda chombo cha kubeba mkononi, cha kupandisha na kushusha nguvu vile mtu anataka.

Mzee akasema muziki ukilia mpaka keki ikatwe, nilete wazee wangu tuzungumze habari za Milcah. Milcah! Mdogo wake Awinja! Nusura nimkumbatie mzee.

Elkanah, dereva wa trekta la miwa, alikuwa hapo akinywa chai. Akasema betri ya trekta lake ingetosha. Nani alimuuliza?

Jumanne, 14 Agosti

Mpango: toboa muwa mnene, panga mawe ndani yakifuatana, gonga msumari kila yanapokutana. Ukihamisha waya msumari hadi msumari, nguvu inapanda. Akili hiyo! Kwa nini muwa? Umejaa kila mahali, tena wa bure.

Nimetoboa kwa nondo ya moto asubuhi nzima. Nikaenda kula obusuma. Kurudi, sisimizi! Sisimizi wa Amalemba yote. Wengine naapa walitoka Shieywe. Muwa nimetupa.

Jumatano, 15 Agosti

Mwanzi! Mkavu, imara, hauna sukari. Ajabu hakuna mtu aliyenishauri mapema. (Milcah alinishauri Jumatatu, lakini kwa sauti ndogo.)

Sasa mawe. Maduka matatu, hakuna. Tangu miwa ilipwe, kila mtu ana redio. Lakini juu ya mabati ya majirani kuna mawe mengi yameanikwa juani yapate uhai tena. Yamelala tu! Nimeazima kumi na mawili. Wenyewe sikuwapata niwaambie. Sikuwatafuta sana.

Ijumaa, 17 Agosti

Nimeenda Lubao kujaribu. Kimya. Nimetikisa, nimepuliza, nimeomba. Kimya. Milcah akachungulia ndani ya mwanzi, akasema mawe mawili yametazama nyuma. Nikamweleza kwa upole kwamba umeme ni elimu ndefu. Alipoenda kuteka maji nikayageuza. Muziki! Nimegundua mwenyewe!

Jioni jirani yangu Mama Pascalia akaja analia mawe yake matano yametoweka. Nikampa pole ya dhati. Nikamwalika harusini.

Jumamosi, 18 Agosti

Loo, siku gani hii!

Nilianza msumari wa saba. Wimbo wa kanisa, laini, mchungaji kafumba macho. Elkanah alisimama kando kapakata betri yake kama mtoto mgonjwa. Saa ya pili mawe yakachoka, mwimbaji wa santuri akaanza kusinzia, sauti ikawa ya fahali. Nikapanda wa tisa. Akaamka! Watu wakanipigia makofi. Mimi!

Kina mama wakasema wimbo bado mvivu. Nikapanda wa kumi. Sasa santuri ikakimbia. Mwimbaji, mwanamume mzima, akawa na sauti ya msichana. Maharusi walikuwa wanaingia pole pole, hatua moja, tua, hatua moja, tua. Wakajikuta mbio! Awinja akakunja gauni akakata mbuga, wasimamizi nyuma yake wanahema. Mchungaji akafumbua macho. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini.

Ningeachia hapo. Lakini Elkanah naye akacheka. Elkanah! Nikabandika waya msumari wa kumi na mbili.

Mwimbaji akawa kifaranga. Halafu moshi.

Na keki haijakatwa! Sikuweza hata kusogea. Milcah ndiye aliyesogea. Akaruka meza, akamtia Awinja kisu mkononi, wakakandamiza pamoja. Keki ikakatika santuri bado inazunguka mizunguko ya mwisho, mwimbaji anakata roho.

Wapigaji wa ngoma za isukuti hawakungoja waambiwe. Wakadaka wimbo kwa mbio zilezile, vumbi likapanda, bibi wa miaka themanini akatupa mkongojo. Mzee Osundwa alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akasema muziki ulilia, keki ilikatwa, neno ni neno. Nikalia kwa furaha mbele za watu.

Mama Pascalia akapasua mwanzi, akatoa mawe yake matano, yote yana alama yake ya rangi nyekundu ya kucha. Akasema na ile pole pia ananirudishia.

Jumapili, 19 Agosti

Wazee wangu wanaenda Lubao Jumamosi ijayo! Milcah ana sharti moja tu: niape mbele ya mama yake kwamba mikono hii haitagusa waya tena maishani. Nimeapa, Biblia kifuani. Kwa Milcah ningeapa mara kumi.

Baada ya ibada mkulima mmoja wa Lugari, Bwana Joash, akanivuta kando. Alikuwa harusini. Ana televisheni, hana stima. Nimepiga hesabu: misumari arobaini, mianzi minne.

Kiapo ni kiapo. Mikono hii haitagusa waya hata mmoja. Nimeshaazima glavu za Elkanah.