Malalamiko ya Mwenye Sebule kwa Wanasayansi wa Nyenje

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mikutano ya Mtandaoni,
Chama cha Wanasayansi wa Sauti za Wadudu.

Ndugu Mwenyekiti,

Nakusalimu kutoka upande wa sebule ambao kamera haiuonyeshi. Wewe hunijui, ila mimi nakujua vizuri: kwa sauti, kwa kikohozi, na kwa tabia yako ya kusema "la mwisho kabisa" kisha ukaanza mambo mapya. Mimi ni fundi cherehani, mke wa yule mtaalamu wa nyenje ambaye nyuma yake kuna pazia la kijani. Pazia hilo nimelishona mimi. Sebule ni yetu sote wawili, ingawa tangu chama chenu kihamishie mikutano kwenye kompyuta, mimi na cherehani yangu tumebaki na kona moja karibu na mlango wa jikoni.

Naandika kwa heshima zote. Nimejitahidi kunyamaza, lakini kunyamaza nako kumekuwa ajira, maana ndiyo kazi ninayopewa kila mume wangu anapofungua kipaza sauti. Malalamiko yangu ni haya:

1. Adabu za wageni. Mnaingia nyumbani kwangu kundi zima bila hodi, na mnatoka bila kuaga. Mtu anabonyeza kitu, katoweka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi tangu mje sijapona, nimezidiwa. Wahenga haohao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mkutano wenu mkuu ulichukua juma zima! Siku ya tatu nilisimama nyuma ya kompyuta nikiwatafakari, nikakosa pa kulipitishia jembe. Naomba kila kikao kianze kwa kumsalimu mwenye nyumba, na kila anayetoka aseme anakwenda wapi.

2. Vyumba vidogo. Siku hiyohiyo ya tatu mume wangu alinong'ona kwamba mnagawanywa kwenye vyumba vidogo vidogo, mkazungumze wachache wachache. Nyumba yetu ina chumba kimoja cha kulala na kingine cha binti yetu. Nilikimbia kutandika vitanda vyote viwili na kusukuma nguo chafu uvunguni. Binti yetu alipoelewa ninachofanya alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kwa hili sidai chochote. Nataka tu iandikwe kwenye kumbukumbu zenu kwamba vyumba vilikuwa safi, na ni ninyi ambao hamkuja.

3. Suti. Nilimshonea mume wangu suti kamili ya mikutano, koti lenye bitana na suruali yenye pasi ya kukata nyanya. Chama chenu kimeliona koti peke yake. Chini anavaa bukta ya kulalia na malapa. Siku mtaalamu wa panzi alipokuwa akiwasilisha, mume wangu alisahau, akainuka kwenda kufunga dirisha, na ulimwengu wa sayansi ukaona sehemu iliyobaki. Mlimrushia vile viganja vya kupiga makofi. Yeye alirudi akaketi kama hakuna kilichotokea. Aibu ilikuwa yangu mimi fundi, maana watu watadhani niliishiwa kitambaa nikiwa katikati ya kazi.

4. Hili ni zito, tafadhali kaa vizuri. Katika kikao cha nyenje wa usiku, mume wangu aliwachezea sauti alizorekodi porini. Zilipokwisha, alisahau kuzima kipaza sauti. Mimi nilikuwa na sketi ya mteja ya kumalizia, nikajua wageni wameshaondoka, nikakanyaga cherehani. Ndugu Mwenyekiti, wataalamu wako walisikiliza, kisha wakaanza kubishana huyo ni nyenje gani. Mmoja alisema ni dume. Mwingine akasema ni dume mwenye hasira. Mtaalamu wa panzi aliikata ile sauti akaiweka kwenye ukurasa wenu wa wanasayansi, na binti yangu amenionyesha kwenye simu jinsi ilivyovuna vidole gumba. Wameandika kwamba nyenje huyo huimba kwa vipindi, na kwamba hunyamaza ghafla mwanamume anaposema "mama, nisaidie kidogo."

Mume wangu ameulizwa na wenzake mdudu huyo anakula nini. Amejibu kwamba utafiti unaendelea. Mimi nasema utafiti umekwisha: anakula uzi mweusi, anakunywa mafuta ya mashine, na mguu unaomwimbisha una ugonjwa wa goti. Kama mtampa jina la kitaalamu, naomba nishauriwe.

5. Marafiki. Kwenye ukurasa wenu mume wangu ana marafiki wasiohesabika. Anajua binti wa mtaalamu wa kumbikumbi amefaulu mtihani, anajua paka wa katibu wenu amepasuliwa. Jirani yetu wa mlango wa pili, ambaye wanapishana naye kwenye ngazi kila asubuhi, mume wangu hamjui hata kwa jina la utani. Nilipomwambia jirani anaumwa, aliuliza kama yumo mtandaoni.

6. Sasa nafika kwenye lenyewe, na mengine yote uyachukulie kama hodi.

Zamani mlikuwa mnakutana mbali. Mume wangu alikuwa anafunga sanduku, anaondoka, na nyumba inapoa. Kisha anarudi. Anarudi na sabuni ndogo za hotelini na mkoba wa mkutano, ule wa kitambaa ninaouendea sokoni. (Mwaka huu mmemtumia picha ya mkoba. Siwezi kutia vitunguu ndani ya picha.) Lakini zaidi ya yote alikuwa anarudi na hadithi. Anakaa kwenye meza ya jikoni hata viatu hajavua, ananisimulia nani aligombana na nani kwa ajili ya bawa la mdudu, nani alisinzia akiwa jukwaani, jinsi alivyopotea njia akaelekezwa na muuza magazeti asiyejua lugha yake. Chai inapoa. Tunaipasha, inapoa tena. Kwa hadithi hizo nilikubali kuolewa na mtu anayetega sikio vichakani.

Siku hizi anafunika kompyuta, anapiga miayo. Nikimuuliza habari za mkutano ananijibu, "Si umesikia mwenyewe?" Ni kweli nimesikia. Kusikia si kusimuliwa, Ndugu Mwenyekiti. Mtu asiyeondoka hawezi kurudi. Nimemkosa mume wangu, naye yupo palepale, naona sikio lake moja kutoka kwenye cherehani.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mikutano ya mtandaoni ifutwe yote. Mchukueni. Mpelekeni mbali, kwa ndege mbili na basi moja. Mlazeni kwenye kitanda kibovu. Apange foleni ya chakula na mtu asiyemfahamu, apotee kidogo, avae suruali. Kisha mnirudishie na mdomo wake.

Nisalimie katibu, na pole kwa paka. Msalimie mtaalamu wa panzi. Mwambie simchukii, ana sikio zuri. Yule mzee anayeuliza "mnanisikia?" mwambie tunamsikia, hata jikoni.

Wako niliyezimwa sauti,
Mwenye Pazia la Kijani.

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii, tangazo lenu limefika: mkutano ujao ni wa kukutana ana kwa ana, tena mbali. Mume wangu ameruka kuliko nyenje wake. Jana jioni alikuja mwenyewe jikoni, akanisimulia safari yote ambayo bado hajaisafiri, wenzake wapya atakaowaona kwa mara ya kwanza wakiwa na miguu, mpaka chai ikapoa. Kisha akaniletea suti niiangalie. Nikapiga magoti kumpima pindo, pini mdomoni, nikawaza juma zima bila mtu wa kuniambia ninyamazishe cherehani, na macho yakanichoma. Tafadhali futa yote niliyoandika hapo juu na mkutano ufanyike mtandaoni kama kawaida. Nimeshaibana suruali kiuno, haimpiti mapajani, na mwenyewe anadhani amenenepa. Koti sikuligusa, kwa sebuleni linamtosha kabisa.