Nje ya Hesabu

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mama Janefer, mwenye ploti ninamopanga chumba, ameleta habari. Karani wa serikali anapita mitaa ya Kericho kuhesabu wasio na kazi. Kwa maneno ya Mama Janefer, wakishahesabiwa wataitwa wafundishwe mashine ya kuchuma chai. Mashine ile ile iliyonifukuza shambani! Mke wangu Nyambeki naye amepiga simu kutoka Nyamira. Nisipopata kazi mwezi huu, nirudi nikachunge ng'ombe wa baba yake. Mimi, mtu mzima, kwa baba mkwe! Lazima nihesabiwe.

Jumanne, 10 Juni
Tatizo ni jirani yangu Obure. Tulichuma pamoja, tukafutwa pamoja. Sura yake inatia huruma kuliko yangu; karani akimwona, ataandikwa yeye. Nimemwambia kule Sigowet wanatafuta watu wa kazi. Uongo mtupu. Akanishukuru, akaondoka hata bila chai.

Jumatano, 11 Juni
Sikuoga makusudi. Karani kaja, Chepkirui, binti mpole. Aliuliza kama wiki iliyopita nilifanya kazi hata saa moja. Nikasema hata dakika. Je, natafuta? Hapo nikazidisha. Nikasema nimechoka kutafuta, hata nikiitwa leo siwezi kusimama. Akabonyeza tableti yake. Nikauliza kama nimeingia.

"Hapana, baba. Asiye na kazi ni yule anayeitafuta. Wewe tumekuweka nje, na wanafunzi na wazee."

Nje! Sina kazi, na hata kwa wasio na kazi sina nafasi. Nilibaki nimekaa mlangoni mpaka Mama Janefer akaniruka apite.

Alhamisi, 12 Juni
Obure amerudi. Nilijiandaa kwa matusi. Kumbe aliuliza boma baada ya boma mpaka kwa mkulima mmoja, Johana, aliyenunua mashine ya kushikwa na watu wawili, mmoja kila upande. Obure amepewa upande mmoja. Kwa upande wa pili ametaja jina langu!

"Kesho asubuhi twende, ndugu yangu. Siwezi kushika pande zote mbili."

Nikafunga mlango. Usingizi hauji.

Ijumaa, 13 Juni
Obure alibisha sana. Sikufungua. Ameondoka na Ogeto, yule kinyozi wa mtaani. Obure ni mtu mzuri, ila haoni mbali. Chepkirui bado yuko mtaa wa pili. Nimeoga, nimevaa koti, naenda kumwambia kwamba sasa natafuta kazi kwa nguvu zangu zote. Anikute nimeshika mashine, ataniandika vipi kuwa sina kazi?